Chavua ya nyasi imepanda kwenye chati: kagua haya kabla hujamlaumu mkulima

Umehesabu chavua, yaani unga wa maua, zilizozikwa kwenye tope tabaka kwa tabaka ili ujue uoto wa zamani, na chati yako imekamilika. Chini, kwenye tope la zamani, kuna mikoko na miti ya msituni. Katikati nyasi zinaanza kunyanyuka. Juu, karibu na leo, nyasi zimetamalaki na miti imebaki ya kuhesabika. Vidole vinawasha kuandika sentensi ile ile: hapa ndipo watu walipofyeka msitu wakalima.

Ngoja kwanza. Huenda ni kweli, lakini kwenye pwani yetu, kuanzia delta ya Ruvu hadi mdomo wa Pangani, zipo sababu kadhaa zinazoweza kuchora mchoro huohuo bila jembe kugusa ardhi. Mwongozo huu unazipitia kwa mtindo wa fundi: unaona dalili, unakagua chanzo chepesi kwanza, ndipo unapanda kwenye vigumu. Nimewafikiria zaidi wanaoshughulika na tope la Bagamoyo, ila wa Tanga watajiona humu pia, hasa penye mkonge.

Kuna jambo moja linalozaa karibu matatizo yote yanayofuata. Nyasi ni ukoo mmoja mkubwa. Ukoka wa uwanjani, matete ya mtoni, mianzi, mpunga, mtama, uwele, ulezi, mahindi na miwa, vyote vimo. Chini ya hadubini ya kawaida chavua zao zinafanana mno: chembe ya mviringo, ngozi laini, na tundu moja lenye ukingo mnene, kama mpira wenye kitundu cha kujazia upepo. Basi, hakuna zaidi. Miti mingi utaitambua hadi jenasi. Nyasi zinakukomesha kwenye ukoo.

Chavua hazionekani, au zilizopo zimechakaa

Umekaa kwenye hadubini tangu asubuhi, adhuhuri imeingia, na hesabu haijafika chembe 30. Macho yako hayana kosa. Mara nyingi kosa liko mahali ulipochimba.

Ukuta wa chavua ni mgumu ajabu. Unaweza kukaa maelfu ya miaka bila kuoza, ila kwa sharti kwamba tope libaki na maji na hewa isiingie. Tope jeusi la mikoko linalonuka yai viza ni rafiki yako, kwa sababu uvundo ule ni wa gesi inayotokea pale ambapo oksijeni haipo. Likianza kuwa na madoa ya rangi ya kutu, hasa kuzunguka mashimo ya mizizi iliyokufa, ujue hewa imeshapita. Ndiyo maana maeneo yaliyogeuzwa mashamba ya chumvi yanasumbua: tope la juu limekaushwa juani msimu baada ya msimu, na chavua zake zimelika. Mchanga nao ni hasara tupu. Tabaka la mchanga wa ufukweni au wa mafuriko halishiki chavua, na hakuna asidi itakayozirudisha.

Angalia ni nani aliyesalimika. Spora za kangaga, zile chembe zake za kuzalia, zina ukuta mnene; chavua ya nyasi ina ukuta mwembamba. Ukikuta spora zimejaa na ni nzima, huku nyasi ni chache, zimekunjamana na kuchanika, basi unasoma orodha ya walionusurika, na uoto wa zamani umefichika nyuma yake. Hapa pana mtego: kangaga huota kwenye mikoko yenyewe, hasa iliyokatwa, kwa hiyo wingi wake peke yake hauthibitishi uharibifu. Shahidi ni hali ya chembe. Kwa kila moja andika: nzima, imekunjamana, imevunjika, imelika. Kazi hii inachosha na wengi huiruka, lakini mimi siiamini chati ya pwani isiyo nayo.

Dawa ni kushuka chini zaidi au kuhama mita kadhaa. Asilimia za chembe 30 usizichore kabisa. Lengo la kawaida ni walau chembe 300 za mimea ya nchi kavu kwa kila sampuli.

Slaidi ni nyeusi, huoni kitu

Hii haina falsafa. Tope la kwetu lina chokaa ya matumbawe na makombe: tia asidi ya hidrokloriki hadi povu likome. Lina mboji: chemsha na potasiamu haidroksaidi kwenye maji moto kama dakika kumi, kisha suuza mpaka maji yaache kutoka na rangi ya chai ya rangi. Lina udongo wa mfinyanzi: pitisha kwenye chujio la mikromita 10, laini kabisa, na uendelee kusuuza hadi mkono uchoke.

Kwa silika inayobaki, vitabu vitakuambia asidi ya hidrofloriki. Asidi hiyo hupenya ngozi na kushambulia hadi mfupa, na maumivu yanaweza kuchelewa. Kama maabara yako haina kabati la kuvuta hewa linalofanya kazi kweli, na jeli ya kalsiamu glukoneti haipo mkononi, usiiguse. Tumia kimiminika kizito cha sodiamu politangsteti: chavua huelea, udongo huzama. Ni ghali, lakini unaweza kukichuja na kukitumia tena.

Vidonge vya spora za Lycopodium (mmea usiotoa maua), vyenye idadi ya spora inayojulikana, mbinu aliyoieleza mtafiti Stockmarr mwaka 1971, vitie mwanzoni kabla ya asidi ya kwanza. Ukivisahau hutaweza kujibu swali la nyasi zilizopanda, na swali hilo ndilo kiini cha kazi yote.

Chembe za nyasi ni kubwa: "Nimepata nafaka!"

Dalili hii huleta furaha kubwa, na ndiyo inayodanganya wengi zaidi.

Kanuni ya ukubwa ilizaliwa Ulaya. Huko, chavua ya nyasi inayozidi mikromita 37 hadi 40 hivi, yenye ukingo mnene wa tundu, huwekwa kwenye kundi la nafaka, yaani ngano, shayiri na wenzao. Watu wameibeba kama ilivyo na kuishusha Afrika Mashariki. Haifai hapa. Nafaka za kale za pwani yetu ni mtama, uwele na baadaye mpunga, na ukubwa wa chavua zao unaingiliana na wa nyasi pori. Mpunga una ndugu yake wa porini, Oryza longistaminata, anayeota kwenye mabonde yaleyale ya maji. Wakulima wanamjua kama gugu sumbufu. Chavua yake na ya mpunga wa shambani hutaitenganisha kwa rula.

Hata kabla ya kufika huko, hakikisha ukubwa unaoupima ni wa kweli. Slaidi za jeli ya gliserini huvimbisha chembe kadiri zinavyokaa. Mafuta ya silikoni hayafanyi hivyo. Kuchemsha kupita kiasi kwenye potasiamu haidroksaidi au kwenye mchanganyiko wa asetolisisi (asidi za kusafishia chavua) huvimbisha pia. Kioo cha juu kikikandamizwa, chembe hutandazika na kuonekana pana. Njia rahisi ya kukamata kosa hili ni kupima spora 20 au 30 za Lycopodium zilizomo kwenye slaidi hiyohiyo. Zimetoka kwenye kidonge cha kundi moja, kwa hiyo wastani wake unapaswa kufanana kutoka sampuli hadi sampuli. Zikiwa nazo zimenenepa, hujapata nafaka, umepata uvimbe.

Mahindi ni habari nyingine. Chavua yake huzidi mikromita 60, na nyingi hufika 80 au zaidi. Kwa ukubwa peke yake, hii ndiyo nafaka unayoweza kuitaja kwa ujasiri. Tatizo ni kwamba ni nzito, na sehemu kubwa yake huanguka makumi machache ya mita kutoka shambani. Kijiji kinaweza kuwa na mahindi kila upande na tope la mikoko, kilomita moja tu mbele, lisipate hata chembe. Kwa hiyo ukishamaliza hesabu ya kawaida, rudi na lenzi ndogo, pita slaidi nzima ukitafuta majitu tu, na uyaandike nje ya hesabu.

Ukitaka kujua aina ya nafaka kwa kipindi cha kabla ya mahindi, waachie wenye mbegu zilizoungua. Huko Pemba, wachimbaji wa kiakiolojia walipochekecha udongo wa makazi ya Tumbe na ya Chwaka yaliyofuata, mbegu zilionyesha uwele ukitangulia na mpunga ukija kuchukua nafasi baadaye. Chavua isingeweza kusema hivyo. Fitolithi, vile vijiwe vidogo vya silika vinavyobaki majani yakioza, husaidia nusu ya njia: umbo la tandiko ni la kundi moja la nyasi, umbo la vipande viwili vilivyounganika kiunoni ni la kundi jingine. Angalau unapata kabila ndani ya ukoo.

Mahindi yametokea chini ya tabaka la karne ya 13

Mahindi ni mmea wa Amerika. Kabla ya safari ya Columbus ya 1492 hayakuwapo upande huu wa dunia, na Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498. Kwa hiyo ukiyakuta kwenye tope lenye umri wa msikiti wa kale wa Kaole, karibu na Bagamoyo, hujagundua historia mpya. Kuna kitu kimevuja, na hapo una bahati, maana mimea mingine ikivuja haipigi kelele namna hii.

Anza na maabara. Andaa sampuli tupu: kidonge na kemikali tu, bila tope, ipite hatua zote. Ikitoka na chavua, tatizo ni chujio lisilosuguliwa, au dirisha lililoachwa wazi mahindi ya jirani yakiwa yamechanua. Mambo haya yanaonekana madogo mpaka yakupate.

Pili, kekee ya kuchimbia tope. Bomba la wazi upande mmoja likisukumwa chini hujipaka tope la juu njia nzima. Kekee ya aina ya Kirusi, yenye kifuniko kinachogeuka na kufunga tope likiwa palepale kinani, ina hatari ndogo zaidi. Kwa vyovyote, kwangua ngozi ya nje kwa kisu safi, ukipitisha kisu upande kwa upande, wala usikivute kutoka juu kwenda chini, kisha chukua sampuli kwenye moyo wa tope.

Tatu, kaa. Yeyote aliyetembea kwenye mikoko maji yakiwa yamekupwa anajua mashimo yalivyo mengi. Kaa huchimba, hutoa tope la chini na kuliweka juu, na tope la juu hutumbukia chini. Ukipasua nguzo ya tope kwa urefu, utaliona shimo la kale: duara au mrija wenye tope la rangi tofauti kidogo, mara nyingi laini zaidi. Liepuke. Kama kila sentimita imetobolewa, kubali kuwa rekodi yako haioni mabadiliko ya miaka michache, na usichore mistari kana kwamba inaona.

Nne, tarehe yenyewe, ile ya kaboni-14, kipimo cha umri wa vitu vilivyowahi kuwa hai. Huenda mahindi yako mahali pake na namba ndiyo imezeeka kupita kiasi. Kombe la bahari hutoa umri mkubwa kuliko wa kweli kwa sababu maji ya bahari yana kaboni ya zamani. Ni lazima lisahihishwe kwa mkunjo wa kusahihishia tarehe za bahari, kama ule uitwao Marine20. Kipande cha mkaa kinaweza kuwa kilikaa juu ya mto kwa karne nzima kabla ya kusombwa. Tope zima likipimwa bila kuchambuliwa, unapima mchanganyiko wa mboji ya Uluguru iliyoletwa na Ruvu, mizizi ya mikoko ya juzi, na kila kilicho katikati. Mizizi hiyo huvuta tarehe upande wa pili, ikalifanya tope la kale lionekane jipya, na ndiyo sababu ya kawaida ya umri kurudi nyuma unaposhuka chini. Tafuta jani au mbegu ya mmea wa nchi kavu, hata kama ni ndogo kama ukucha.

Kwa karne tatu za mwisho, kaboni-14 haina msaada mkubwa. Kati ya 1650 na 1950 mkunjo wa kusahihishia umepindapinda kiasi kwamba kipimo kimoja hukupa vipindi vitatu au vinne tofauti vya kuchagua. Na hicho ndicho kipindi cha misafara, minazi na mkonge! Tumia risasi-210, aina ya risasi yenye mnururisho. Nusu-uhai wake (muda wa nusu yake kutoweka) ni miaka 22 hivi, na hukufikisha kama miaka 100 hadi 150 nyuma.

Kengele nyingine ya kuvuja ni msonobari. Si mti wa asili wa Afrika Mashariki. Misitu ya kupandwa milimani Usambara ni kazi ya karne ya 20. Chembe moja moja inaweza kuja na upepo wa mbali, lakini ukiipata sampuli baada ya sampuli chini kabisa, rudi kwenye hatua ya kwanza. Usiichanganye na podo, ambayo ni ya asili na nayo ina mifuko miwili ya hewa pembeni. Jenga kwanza mkusanyo wa slaidi za kulinganishia, ndipo ubishane.

Nyasi zimepanda ghafla

Sasa tuje kwenye dalili yenyewe. Tuseme maabara ni safi, tarehe zinakubaliana, chembe ni nzima. Nyasi zimepanda kutoka asilimia 17 hadi 33. Nani amezipandisha?

Huenda hakuna. Asilimia ni keki moja: kipande kimoja kikipungua, vingine hunenepa bila kuongezwa unga. Chukua mfano wa kubuni. Tabaka la chini lina chembe 300: mikoko 200, nyasi 50, miti mingine 50. Nyasi ni asilimia 17. Tabaka la juu mikoko imeshuka hadi 50, nyasi bado 50, miti bado 50. Jumla ni 150, na nyasi sasa ni asilimia 33. Zimeongezeka maradufu kwenye chati, na uwandani hakuna unyasi hata mmoja ulioongezeka. Mkoko wenyewe, Rhizophora, humwaga chavua nyingi sana kwenye upepo. Ukisogea mita chache tu kutoka ulipochimba, hesabu yako yote inayumba.

Hatua mbili zinatibu hili. Ya kwanza, toa mikoko kwenye jumla na uhesabu asilimia za mimea ya nchi kavu peke yake. Kwenye mfano wetu nyasi ni 50 kwa 100 chini, na 50 kwa 100 juu. Hakuna kilichopanda. Ya pili ni vile vidonge. Kama ulitia spora 10,000 kwenye sentimita moja ya ujazo ya tope, ukahesabu spora 100 pamoja na nyasi 50, basi tope lina chavua za nyasi 5,000 kwa sentimita hiyo. Gawanya kwa miaka iliyotumika kujaza sentimita moja, upate kiasi kilichoanguka kila mwaka. Nyasi zikipanda kwa vipimo vyote viwili, hapo ndipo pana habari.

Lakini habari gani? Kwenye ukingo wa Ruvu na Wami, mshukiwa wa kwanza ni matete. Ni nyasi, yanaota ndani ya maji, yanachanua kwa wingi, na chavua yake inaangukia hapohapo ulipochimba. Mto ukihama mkondo na kuacha kinamasi, matete yatajaa na chati itapiga kelele "nyasi!" huku msitu wa nyuma ukiwa vilevile. Tazama wenzao: kama jamii ya ndago na mafunjo imepanda pamoja na nyasi, nawe unaona mbegu na mizizi ya mimea ya majimaji kwenye tope, hiyo ni hadithi ya maji. Kama nyasi zimepanda na ndago zimeshuka, sogea kwenye nchi kavu.

Mshukiwa wa pili ni bahari. Nyuma ya mikoko, pale maji ya bamvua yanapofika mara chache kwa mwezi, kuna uwanda wa chumvi, na kandoni mwake nyasi fupi zinazostahimili chumvi. Bahari ikirudi kidogo au tope likijaa, mikoko husogea mbele na nyasi hizo huja kusimama juu ya sehemu uliyochimba. Kaole ni mfano unaojulikana: husimuliwa kuwa bandari yake ilijaa tope na mikoko, na shughuli zikahamia Bagamoyo. Tafiti za tope la mikoko huko Rufiji na Unguja zimeonyesha mikoko ikisogea bara na kurudi baharini kufuatana na kina cha maji katika maelfu ya miaka iliyopita. Kwa hiyo kabla ya kusoma nyasi, soma mikoko yenyewe. Mlilana husimama mbele, penye maji mengi; mkoko katikati; mkandaa na mchu nyuma, ingawa mchu hupenda kuonekana mbele pia. Mpangilio ukibadilika kutoka mkoko kwenda mkandaa, kisha uwanda wa chumvi, kisha nyasi, huo ni mwendo wa bahari, hata kama watu walikuwepo wakitazama. Nyasi zikiruka moja kwa moja juu ya mkoko bila ngazi za katikati, hapo nashuku shoka.

Hapa ndipo wazee wanapokuwa maabara ya pili. Ukienda Mlingotini au Kaole, salimia vizuri, kaa, na usiulize "msitu ulikatwa lini?" Swali hilo lina tuhuma ndani yake, na utapata jibu la kukuondosha. Uliza: "Shikamoo babu. Enzi zenu, maji ya bamvua yalikuwa yanafika wapi? Mashua zilikuwa zinafungwa wapi?" Majibu yatakupa ramani ya miaka 60 au 70, na tabaka la juu la tope lako ni lazima likubaliane nayo.

Mshukiwa wa tatu ni mto kama mchukuzi. Ruvu inatoka Uluguru. Pangani inashuka kutoka Kilimanjaro na Meru na kupokea maji ya Usambara. Chavua husafiri na tope. Ukipata podo kwenye tope la Bagamoyo, usiseme podo liliota ufukweni. Vilevile nyasi zinazoonekana mwaka wa mafuriko makubwa zinaweza kuwa za mbuga za bara. Tabaka lenye mchanga mwingi na chembe zilizovunjika ndilo la kushuku.

Kisha kuna miti isiyojitangaza. Myombo huchavushwa na wadudu na humwaga chavua kidogo mno kwenye upepo; kadhalika msandarusi, ambao gundi yake ilisafirishwa kwa wingi kutoka pwani hii karne ya 19. Pori la myombo likizunguka kinamasi, chati inaweza kuonyesha nyasi tele na miti haba, msomaji akadhani ni uwanda mtupu. Kabla ya kutafsiri tope la chini, kusanya tope la juu la leo kwenye maeneo unayoyaona kwa macho: ndani ya hifadhi ya Saadani, kwenye msitu wa Zaraninge, kwenye shamba la mpunga, kwenye uwanda wa chumvi. Hesabu hizo ndizo kamusi yako. Bila hizo unabahatisha.

Mwisho kabisa, baada ya wote hao kuachiwa, muite mkulima. Na hata hapo usimshitaki kwa nyasi peke yake.

Kuna mkaa mwingi pamoja na nyasi

Watu watakuambia: nyasi pamoja na mkaa ni sawa na kufyeka na kuchoma. Bagamoyo na Tanga zina moshi wa aina nyingi. Nyumba za mawe zilijengwa kwa chokaa, na chokaa ilichomwa kwa kupanga magogo, mara nyingi ya mikoko, na kurundika matumbawe juu. Mkaa wa tanuri la chokaa utaingia kwenye tope lako kama ulivyo wa shamba.

Tofauti iko kwenye umbo. Mkaa wa nyasi huwa vipande virefu vyembamba. Wa gogo huwa vya mraba mraba. Pima urefu na upana wa vipande vikubwa vya kutosha, sio vile vumbi vinavyopeperuka kutoka mbali. Mkaa wa gogo ukipanda huku mkoko ukishuka na nyasi zikiwa palepale, hiyo ni biashara ya ujenzi. Mkaa wa nyasi ukipanda kwa vipindi, moto ulikuwa mbugani, na mbuga huwaka kwa radi, kwa wawindaji na kwa wafugaji pia.

Magugu na mavi ya ng'ombe

Chavua ya jamii ya mchicha hutajwa sana kama alama ya shamba. Kwetu ni shahidi mbovu, maana mimea minene ya uwanda wa chumvi ni ya ukoo huohuo na chavua zake hazitofautiani. Spora za Sporormiella, kuvu wa kwenye mavi, nazo huitwa ushahidi wa mifugo. Karibu na Saadani, nyati na tembo wanatoa mavi yaleyale. Chukua dalili hizi zikiwa tatu au nne pamoja, zimeanza tabaka moja, tena mbali na uwanda wa chumvi.

Kipimo cha kaboni-13, aina nzito ya kaboni, kwenye mboji hutoa mchango mzuri zaidi. Nyasi nyingi za mbuga zetu, pamoja na mahindi, mtama na uwele, hutumia njia ya C4 ya kujitengenezea chakula kwa jua, na mboji yake huwa karibu na −13 kwa elfu. Miti, mpunga na matete hutumia njia nyingine, na huwa karibu na −27. Nyasi zikipanda kwenye chati huku kaboni ikibaki upande wa −27, matete au mpunga ndio wamepanda. Ikisogea upande wa −13, ni mbuga au shamba la nafaka kavu. Sijui kwa nini kipimo hiki bado kinaachwa kwenye bajeti za wanafunzi, ilhali ndicho kinachokata mzizi wa ubishi wa matete.

Historia inasema palikuwa na shamba, chati haioni kitu

Hii ni kinyume cha yote yaliyotangulia, na ndiyo inayowatesa wa Tanga. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, miche 62 tu ikiwa imenusurika safari kutoka Florida, na baadaye ukafunika sehemu kubwa ya nchi tambarare chini ya Usambara. Ungetarajia chavua yake kila mahali. Haipo, au ni ya kuokota. Mkonge huchanua mara moja tu, mwisho wa maisha yake, baada ya miaka mingi ya kukatwa majani, na anayeuchavusha kwa kawaida ni popo. Upepo hauna kazi hapo. Alama ya mkonge kwenye tope ni miti ya msituni kutoweka haraka, nyasi na magugu ya katikati ya mistari kupanda, na udongo mwekundu kuanza kusombwa. Unaikamata kwa risasi-210 na kumbukumbu za mashamba, sio kwa hadubini.

Muhogo ni hivyohivyo. Chembe yake ni kubwa sana na haikosewi ukiiona, lakini inategemea wadudu na haifiki mbali. Kutoiona hakumaanishi watu hawakula muhogo. Mpunga hujichavusha wenyewe, hivyo hutoa kidogo. Miwa mara nyingi hukatwa kabla ya kuchanua.

Mnazi ndio unaokupa nafasi kiasi, ila una ndugu: mkoche, mkindu na mvumo nao ni minazi ya porini kwa sura ya chavua, chembe zenye mfereji mmoja mrefu. Andika "jamii ya mnazi" mpaka uwe na slaidi ya kila mmoja wao mezani, ukiwa umezitengeneza mwenyewe kwa maua uliyoyachuma kwenye mti uliouona.